Mashimo Thelathini

Jumatano, kipindi cha nne, Mwalimu Honorata alikuwa akiweka makopo mawili ya nyanya juu ya meza, kila kopo na mche wake wa maharage, mama yake alipoingia darasani. Mama yake, Bi Veneranda, alikuwa amefariki Septemba ya mwaka uliopita. Alivaa kitenge alichozikwa nacho, na miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi vifundoni. Wanafunzi wa darasa la sita, themanini na wawili, walisimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaeni."

Madawati yote yalikuwa na watoto wanne wanne isipokuwa la mwisho, upande wa dirishani, lililokuwa na wasichana wawili. Bi Veneranda akaenda kukaa hapo. Mmoja wa wasichana hao alikuwa Happiness, binti wa mwenyekiti wa kijiji, naye akasogeza daftari lake ili bibi apate pa kuweka viwiko. Honorata akafungua daftari la mahudhurio, akaandika "mgeni mmoja", kisha akarudi kwenye makopo yake.

Kopo la kwanza lilikuwa limekaa dirishani wiki mbili. La pili lilifungiwa kabatini. Mbegu zilitoka gunia moja, udongo ulikuwa uleule, na maji yalipimwa kwa kifuniko kimoja cha chupa. Mche wa kabatini ulikuwa mrefu karibu mara mbili ya ule wa dirishani.

"Giza ni bora kuliko jua," alisema Meshack, mtoto wa fundi baiskeli, ambaye hakuwahi kusubiri swali liishe.

"Umeangalia nini?"

"Urefu, mwalimu."

"Angalia na rangi."

Mche wa kabatini ulikuwa wa njano, shina jembamba kama uzi, umeegemea ukingo wa kopo kama mlevi. Honorata akawaambia kwamba macho ya Meshack yameona sawasawa, ila mdomo wake umekimbilia kusema. Akaandika ubaoni hatua za uchunguzi wa kisayansi: kubaini tatizo, kubuni dhanio, kufanya jaribio, kukusanya data, kuzichambua, kufikia hitimisho. Kisha akapigia mstari hatua ya mwisho. Data hazisemi, alisema. Anayesema ni yule anayezisoma, na huyo ndiye wa kuangaliwa vizuri.

"Kilichofichwa ndicho kilichorefuka," alisema Bi Veneranda kutoka nyuma.

Hakuna aliyempinga. Consolate, msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, aliyaandika maneno hayo pembeni mwa daftari lake.

Nyakiganza ni kijiji cha michikichi na mihogo, nusu saa kwa bodaboda kutoka Simbo. Ukisimama kwenye uwanja wa shule unaliona ziwa lote kule chini, na siku hewa ikiwa safi unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Watu wake ni wapole na wanasalimiana vizuri. Mambo yakienda kombo mfululizo, kuku wakifa, mtoto akishikwa na kifafa, samaki wa migebuka wakiadimika, huchanga na kuwaita lambalamba, vijana wanaotoa uchawi majumbani. Lambalamba huja na ngoma, wamejifunga vitambaa vyekundu kichwani. Huruka, huanguka, hunusa ardhi, kisha huingia katika nyumba waliyokwisha kuambiwa, wakang'oa mafiga jikoni na kuchimba.

Mwishoni mwa Agosti ya mwaka uliopita walichimba kwa Bi Veneranda mbele ya watu kama mia tatu. Kijana mmoja alitia mkono shimoni, akatoa pembe ya mbuzi iliyoviringwa kitambaa chekundu, ndani yake sindano na nywele. Watu walisema, tumeona kwa macho yetu, na ni kweli waliiona. Aliyeutazama mkono wenyewe kabla haujaingia shimoni hakuwepo. Kijana yule alikuwa amevaa koti la mvua, la mikono mirefu, katikati ya kiangazi.

Waliezua bati zake. Wakampiga kwa magongo na kwa mpini wa jembe lake mwenyewe. Alilala siku tano chini ya michikichi yake akiwa na mbavu zilizovunjika, na siku ya sita akafa. Askari walikuja kutoka mjini wakauliza nani alipiga, na wale mia tatu walioona pembe kwa macho yao hawakuwa wameona gongo hata moja. Kila mmoja wao alikula chakula chake cha mchana siku ile. Michikichi kumi na sita ya marehemu ilikabidhiwa kwa Mwenyekiti Feliksi aiangalie, kwa kuwa ilipakana na yake, na pembe iliwekwa katika kabati la ofisi ya kijiji kando ya muhuri. Mgeni akija huonyeshwa.

Wakati wa mapumziko watoto walitoka, Bi Veneranda akabaki dawatini.

"Umechoka, mama?" aliuliza Honorata.

"Nimekufa. Kuchoka ni kwenu." Aliitazama michungwa ya shule kwa muda. "Siku ile ulirudi nyuma hatua moja."

Honorata alikuwa akifuta ubao. Aliendelea kufuta hata palipokuwa pameshatakata.

"Niliogopa."

"Nilikuwa nimekalishwa chini, naona miguu tu. Yako naijua, niliiosha mimi. Pembe ilipotoka, ilirudi nyuma hatua moja."

"Nisamehe, mama."

"Sikuja kwa ajili ya hilo."

"Umekuja kwa ajili ya nini?"

"Akutendaye mtende," alisema Bi Veneranda. "Nimekuja kutenda."

Tangu hapo alikuja kila Jumatano, na wiki nyingine hata Ijumaa. Zamu ya usafi ilizoea kufagia udongo mwekundu kuanzia mlangoni mpaka dawati la mwisho. Mwalimu Mkuu Adolf alipopita dirishani alimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akaenda zake. Alikuwa mtu wa amani, na katika ripoti ya wilaya hapakuwa na safu ya kuandika marehemu.

Mwezi Februari Honorata alisimama mbele ya darasa akaandika tatizo ubaoni: pembe iliyotolewa kwa Bi Veneranda ilitoka wapi? Akaomba madhanio. Meshack alisema ardhi ya Nyakiganza ina pembe, watu wamechinja mbuzi hapa miaka na miaka, kwa hiyo ukichimba popote utaipata. Consolate alifikiri kwanza. Kisha akasema pembe iliingia shimoni pamoja na mkono.

Consolate alikuwa na sababu ya kufikiri. Jina lake la pili ni Nshimirimana, babu yake alivuka kutoka Burundi, na familia yao ilikuwa imepata uraia na shamba na majirani. Lakini kila lambalamba walipotajwa, kuna watu waligeuza shingo kuelekea nyumba yao, ambako aliishi na bibi yake tu. Feliksi alikwisha kusema kwamba mwaka huu huenda ikabidi vijana waitwe tena, maana mwaka jana walimaliza nyumba moja tu.

Kura ya kuchagua nyumba za kuchimbwa chini ya mafiga ilipigwa kwa vikaratasi ndani ya kofia ya Meshack. Nyumba thelathini zilipatikana. Ya Mwenyekiti Feliksi ilitoka, ya Mwalimu Mkuu Adolf ikatoka, ya kina Meshack ikatoka. Nyumba ya kina Consolate haikutoka. Honorata alisema kura ni kura, huwezi kuichagulia.

Siku hiyo Bi Veneranda alibaki tena darasani.

"Ya nini kuwachosha watoto? Niliye huko chini ni mimi. Kila mbuzi aliyewahi kuliwa Nyakiganza, pembe zake ziko huko, zimejaa. Sema tu. Nitaweka moja chini ya mafiga ya Feliksi, nawe upeleke watoto wakaichimbe."

"Nikifanya hivyo nitakuwa sawa na yule mwenye koti."

"Sawasawa naye," alisema mama yake. "Na yeye yu hai."

Honorata alikataa. Isidhaniwe alikataa kwa wema. Alitaka watu walewale mia tatu wasimame uwanjani, wasomewe hatua moja baada ya nyingine jinsi walivyoua mtu kwa sababu ya mkono wa koti, na asiwepo wa kupata pa kutokea. Alitaka kuzitazama nyuso zao zikielewa. Alikuwa amelala na hamu hiyo na kuamka nayo tangu Septemba, na pembe ya kupachikwa ingeiharibu.

Kwa hiyo walichimba kihalali. Watoto waligawanywa katika makundi, na katika kila kundi mmoja alichimba, mmoja aliandika, na mmoja hakuwa na kazi nyingine duniani ila kuutazama mkono wa mchimbaji. Hakuna aliyechimba kwao. Mikono ya nguo ilikunjwa hadi juu ya viwiko, viganja vikaonyeshwa kabla na baada. Mafiga yaling'olewa, shimo likachimbwa kina cha mkono hadi kiwikoni, kisha likafukiwa na kukandikwa udongo mpya. Wenye nyumba walikubali bila shida. Feliksi alikubali kuliko wote.

"Chimbeni kwangu mpaka mkute maji," alisema, akawaagizia watoto miwa.

Kwake kulipatikana kijiko cha chai kilichopotea tangu harusi yake. Kwingine walipata makaa, kokwa za michikichi, kiwembe, ndoana, mshikio wa kikombe. Pembe haikuonekana katika nyumba hata moja kati ya thelathini. Mwishoni Honorata aliwapeleka kwenye gofu la mama yake, wakachimba tena palepale palipokuwa na mafiga. Bi Veneranda mwenyewe alisimama kando ya shimo akitazama mikono. Hapakuwa na kitu, ila jivu lake la zamani.

Consolate aliandika jedwali lote kwa wino wa bluu. Mwalimu Mkuu Adolf, anayependa mihuri, alichapisha mjini Gungu vyeti thelathini vya ushiriki, kimoja kwa kila kaya iliyojitolea jiko lake kwa ajili ya elimu, akavigonga muhuri wa shule.

Mkutano wa kijiji uliitishwa Jumamosi moja ya Aprili, mvua ikiwa imekatika tangu asubuhi. Watu walijaa mbele ya ofisi. Bi Veneranda alipofika, mtu alinyanyuka akampa kiti cha plastiki safu ya mbele, na Feliksi akasema, "Karibu, mama," kama anavyowakaribisha wazee wote. Honorata alibandika jedwali ukutani. Akaeleza tatizo, akaeleza madhanio yote mawili, akaeleza mikono ya nguo iliyokunjwa na watoto waliopewa kazi ya kutazama. Alisoma nyumba moja moja, na baada ya kila nyumba alisema, "Hakuna pembe." Alisema hivyo mara thelathini. Kisha akasoma ya thelathini na moja, gofu la mama yake: hakuna pembe. Halafu akazitazama nyuso, maana hiki ndicho alichokuwa akikisubiri.

Nyuso zilikuwa zimetulia. Watu waliitikia kwa vichwa taratibu, kama watu wanaoambiwa jambo wanalolijua. Kisha mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata.

Feliksi alisimama. Alikuwa na furaha ya kweli usoni.

"Mwalimu, tunakushukuru. Sisi wengine hatukusoma, tulitumia macho tu. Leo sayansi imetuthibitishia. Nyumba thelathini, hakuna pembe. Aliyekuwa nayo katika kijiji hiki alikuwa mmoja." Akageuka kwa heshima kuelekea kiti cha plastiki. "Tusameheane, mama, lakini lisemwalo lipo."

"Mmechimba kwake pia," alisema Honorata. "Hakuna kitu."

"Itakuwepo vipi tena, mwalimu? Si ilishatolewa?" Watu wakacheka kidogo, bila ubaya. "Iko kabatini hapo ndani."

Honorata alisema mkono wa koti. Akasema kiangazi. Akasema nani aliutazama mkono, anyooshe kidole. Mzee mmoja alimjibu kwa upole kwamba huzuni ya kufiwa na mzazi inaeleweka, yeye mwenyewe alimzika mama yake miaka mitatu iliyopita.

Ndipo ikapitishwa kwamba lambalamba waitwe tena Agosti, kwa nyumba ambazo hazijapimwa. Zile thelathini zilikwisha kupata cheti. Feliksi alikuwa amekuja na chake, kimewekwa kwenye fremu, akakiinua wote wakione. Walipopiga kura kwa kunyoosha mikono, shingo kadhaa ziligeuka, na bibi yake Consolate, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na baiskeli, akajifunika kichwa kwa kanga. Consolate alibandua jedwali ukutani, akalikunja vizuri ili lisichafuke.

Honorata na mama yake walirudi kwa miguu. Njia ilikuwa na matope, na mama hakuacha alama ya miguu.

"Mama."

"Naam."

"Weka."

"Kwa Feliksi?"

"Kwa wote wenye cheti."

Bi Veneranda hakuonekana Jumatano tatu. Ya nne alikuja na udongo hadi mabegani, kucha zake zimekatika, akaketi pale pale. Happiness akamsogezea daftari. Kipindi kilikuwa cha sumaku.

Wiki ileile harufu ikaanza. Kila mchana, moto ulipokolea majikoni, nyumba thelathini za Nyakiganza zilinuka pembe inayoungua, kama pale fundi anapochoma kwato. Ilikuwa kwenye ugali, kwenye mboga ya sombe, kwenye mawese yaliyokuwa yakichemka. Shati la Feliksi lilinuka hivyo mkutanoni na kanisani. Watu walisema ni kuni za mwaka huu, zimepigwa mvua. Baadaye wakaacha kusema. Wageni kutoka mjini walipouliza, wenyeji walishangaa, harufu gani?

Honorata alikwenda ofisini akaomba jaribio lirudiwe. Alieleza kwamba hiyo ni kanuni: jaribio la mara moja halitoshi, linarudiwa, mtu mwingine achimbe, aone kama atapata kilekile. Aliomba kuanza na nyumba ya mwenyekiti mwenyewe. Siku hiyo hakuwa akifikiria elimu. Alikuwa akifikiria uso wa Feliksi, magoti yake matopeni, na mpini wa jembe.

"Mwalimu, usijisumbue," alisema Feliksi. Alikuwa akila muwa, na nyuma yake cheti kilining'inia juu ya kabati lenye pembe. "Sayansi imeshasema. Tukianza kuichimbachimba tena, watu watasema hatuiamini."

"Na kama kuna kitu?"

"Kingeonekana. Watoto walitazama vizuri mno. Binti yangu alikuwepo."

Alimpa miwa miwili apeleke nyumbani. Ngoma za kuwaalika vijana zilikwisha kulipiwa. Juni ilipofika, watu wawili waliacha kununua mihogo kwa bibi yake Consolate, kisha wakawa kumi. Consolate bado aliandika vizuri, lakini hakunyoosha kidole tena hata alipojua jibu.

Jumatano ya mwisho kabla shule haijafungwa, Honorata aliwarudishia watoto madaftari. Bi Veneranda alikuwa amekuja mapema, akitazama makopo mapya dirishani. Watoto walipokwisha kutoka, Honorata alikaa kwenye dawati la mbele, akiwa amempa mgongo.

"Agosti wakija na koti lao," alisema, "wakachimba kwa kina Consolate?"

"Kule sikuweka kitu. Wataleta yao."

"Basi haikusaidia chochote."

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," alisema mama yake. "Sasa lipo. Kila nyumba iliyonyoosha mkono inapika juu yake, asubuhi na jioni. Siku watakapogeukana, na watageukana, hawatahitaji koti."

Honorata alifikiria jambo hilo, na hakujizuia kulifurahia. Alizihesabu nyumba kichwani moja moja, kama alivyozisoma siku ya mkutano. Alipofika ya thelathini alikumbuka kwamba jana yake, akipika mgebuka jikoni kwake katika nyumba ya walimu, alidhani harufu imeletwa na upepo kutoka kwa jirani.

"Mama. Na kwangu?"

Bi Veneranda alikuwa ameshasimama, akijifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Kwako ndiko nilikoanzia," alisema.

Alitoka kwa mlango uleule, akiacha udongo sakafuni. Honorata alichukua fagio, akafagia hadi kizingitini. Kisha akaenda nyumbani kuwasha moto, kwa sababu ilikuwa saa saba na alikuwa hajala.